Wa Usiku, wa Alfajiri na wa Mchana

Wewe uliye shambani ukikusanya majembe, wewe uliye dukani, nawe dereva unayengoja gari lijae pale stendi ya Embu, naomba mnitegee sikio.

Ukipanda matatu Embu kwenda Meru, barabara inakupitisha Runyenjes, kisha inaanza kuteremka. Unavuka Thuci na kuingia Chuka. Unavuka Nithi, pale darajani ambapo abiria wengi hunyamaza kwa sababu ya ajali tulizozisikia. Unavuka Mutonga, unapita Igoji, unapita Nkubu, ndipo unafika Meru. Maji yote hayo yanatoka Mlima Kenya, na yote yanamwagika Tana. Ndani ya gari hilo moja atakuwamo Mwembu, Mmbeere, Mchuka, Mwimbi na Mwimenti, na nyuma kabisa, karibu na dirisha, atakuwamo mama wa Kisomali anayekwenda Maua kuangalia biashara yake ya miraa. Wanasalimiana vizuri. Lakini safari ikirefuka, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: "Kwani wewe ni wa wapi?" Ukijibu, unaulizwa tena: "Ndiyo, lakini wa wapi hasa?"

Leo nataka tulizungumze hilo neno "hasa."

Miaka mingi iliyopita nilipanga foleni ya kitambulisho katika ofisi moja huku kwetu. Mbele yangu alikuwa kijana wa rika langu, mzaliwa wa Majengo, Meru mjini, Mwislamu. Tulikuwa tumepiga soga tangu asubuhi kwa Kimeru, na Kimeru chake kilikuwa safi kuliko changu, kwa kuwa mimi nilisomea bwenini nikachanganya lugha. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mama yake, na cheti cha shule, vyote ndani ya karatasi ya plastiki aliyoikunja mara tatu isiingie maji. Karani alilisoma jina lake, akamtazama usoni, akamwuliza babu yake alizaliwa wapi. Kijana akasema, "Hapa Meru." Karani akataka karatasi ya kuthibitisha. Karatasi ya babu! Babu yangu mimi hakuwa na karatasi yoyote ya kuzaliwa, wala wako pengine hakuwa nayo. Kijana akaambiwa arudi nyumbani akaitafute.

Zamu yangu ilipofika, karani aliona jina la ukoo wangu linaanza na ile M yenye alama yake ya juu, jina la Kimeru lisilo na shaka. Hakuniuliza habari za babu. Nilichovya vidole vyangu kumi kwenye wino, nikapanguswa kwa kitambaa, nikaenda zangu. Jina langu lilinipitisha. Sikusema neno kumtetea mwenzangu. Nimeishi na ukimya huo muda mrefu, na ndio ulionileta mbele ya kipaza sauti hiki jioni ya leo.

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Sisi tunaojiita wenyeji wa miteremko hii, ni wa wapi hasa?

Wazee wa Ameru hawakutuficha. Mwaka 1969 na 1970, mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman alizunguka Meru akiwasikiliza wakongwe, naye akasimuliwa kisa ambacho wengi wetu tulikisikia jikoni kwa nyanya zetu. Mababu walikaa kisiwani, mahali paitwapo Mbwaa. Wakaja watu waitwao Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, wakawafanya watumwa. Mabwana hao waliwapa mitihani isiyowezekana. Leteni kiatu chenye manyoya juu na chini. Wazee wakakata ile ngozi inayoning'inia chini ya koo la fahali, wakatengeneza kiatu. Leteni kinyesi cheupe cha ndama. Ndama akalishwa maziwa matupu. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakabandika pembe ndogo za swala kichwani mwa mbwa kwa nta ya nyuki. Mwishoni wakatakiwa watengeneze mkuki unaofika mbinguni, na hapo akili ikawaambia kwamba mtu anayekudai mkuki wa kufika mbinguni anatafuta sababu ya kukuua. Wakaamua kuondoka.

Wakaongozwa na mtu aitwaye Koomenjoe. Walipofika kwenye maji, Koomenjoe akayapiga kwa fimbo, yakagawanyika, watu wakaanza kuvuka. Walikuwa wengi, hivyo hawakumaliza kwa mara moja. Kuna waliovuka usiku wa giza, kuna waliovuka alfajiri mbingu zikiwa nyekundu, na kuna waliovuka jua limekwisha kutoka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Wa alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Wa mchana wakaitwa Njeru, weupe. Koo za Meru zingali zinajigawa hivyo mpaka leo.

Wataalamu wamejadiliana sana Mbwaa ilikuwa wapi. Fadiman alielekeza kidole kwenye kisiwa cha Manda, pale Lamu, kwa Waswahili na Wabajuni. Wewe msikilizaji uliyeko pwani unayenisikia, basi ujue kwamba kwa masimulizi yetu wenyewe sisi ni majirani zako wa zamani tuliohama. Tuliufuata mto Tana kinyume na maji, miaka na miaka, hadi tukauona mlima.

Na mlima haukuwa mtupu. Kisa kinawataja waliokutwa: wawindaji wa msituni, wafugaji wa tambarare za Tigania walioitwa Mwoko, na wengineo. Wengine walipigwa vita wakafukuzwa. Wengine walioa kwetu na tukaoa kwao, wakaingia ndani ya koo zetu, na leo wajukuu wao wanasema "sisi Ameru" bila kigugumizi. Kwa hiyo tulikuja kama wageni, tukawakuta wenyeji, na mwishowe sisi na wao tukawa jamii moja.

Upande wa Embu nako ni vivyo hivyo. Mwembu atakupeleka hadi kwenye kichaka kitakatifu karibu na Runyenjes akwambie hapo ndipo alipokaa Mwenendega, babu wa Waembu, na mkewe Nthara. Wazee husimulia habari za mwanamke huyo kwa namna tofauti tofauti, na Profesa H. S. K. Mwaniki alikusanya masimulizi mengi ya Embu na Mbeere akayachapisha mwaka 1973. Kila ninapokisikia kisa hicho, moyo wangu unakwama mahali pamoja: Mwenendega alimpata mke mzuri ambaye hakuwa binti wa jirani yake, na katika ndoa hiyo taifa zima likazaliwa. Hakuna Mwembu anayedai cheti cha babu wa Nthara.

Wasikilizaji, nimeeleza haya yote kwa sababu moja. Katika kisa cha Mbwaa, wa usiku walitangulia, wa mchana wakawa wa mwisho. Lakini sijapata kumsikia mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, akisema kwamba wa mchana si Ameru kwa kuwa walichelewa. Saa ya kuvuka inampa mtu jina la ukoo tu. Haijawahi kumpunguzia mtu haki ya kuwa Mmeru.

Tena mababu waliona mbali. Walijua kuna watu ambao hawakuvuka pamoja nasi kabisa, na ambao tungelazimika kuishi nao. Kwa hao waliweka agano liitwalo gichiaro. Neno hilo linatokana na kuzaa. Koo mbili, au hata watu wa makabila mawili tofauti, walikaa pamoja wakala kiapo, na kuanzia siku ile wakahesabiwa kuwa wamezaliwa na mama mmoja. Mtu wa gichiaro huruhusiwi kumwaga damu yake. Huruhusiwi kumdanganya. Huwezi kuoa kwake, maana ni kuoa dada yako. Akikuomba chakula, unampa, hata kama ndicho kilichobaki. Akikuambia ondoka kwenye ugomvi huu, unaondoka. Watharaka wanalo agano hilo na majirani zao, na katika ugomvi wa mipaka wazee wamelitegemea mara nyingi kuwatuliza vijana.

Fikiria jambo hilo kwa makini. Kabla ya kuwako ofisi ya uhamiaji, kabla ya pasi ya kusafiria, watu wa mlima huu walikuwa tayari na njia ya kumfanya mgeni kuwa ndugu. Njia hiyo ilikuwa na masharti makali: haki ikaja pamoja na wajibu, na aliyeuvunja wajibu alijua laana inamfuata.

Ni lini basi tulianza kuulizana habari za "hasa"?

Mwaka 1906 Waingereza waliivamia Embu kwa bunduki. Mwaka 1908 afisa wao E. B. Horne akafungua kituo Meru. Ameru walimpa jina la Kangangi, yaani mtangatangaji mdogo, kwa sababu alikuwa mfupi na miguu yake haikutulia. Mtu waliyemwita mtangatangaji ndiye aliyeweka serikali ambayo baadaye iliwazuia wao kutembea. Zikachorwa hifadhi za makabila, huyu akae hapa, yule akae pale. Chuka ikatawaliwa kutoka Embu, kisha ikaunganishwa na Meru, bila mtu wa Chuka kuhama hata hatua moja. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kikaja kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma, mwanamume akakivaa shingoni kama kengele ya ng'ombe. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, mahali pa asili, na tajiri aliyemwajiri. Hapo ndipo "wewe ni wa wapi" lilipoacha kuwa salamu likawa amri ya askari.

Na kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Wazee mlio hai na mnaonisikiliza mnayakumbuka haya kuliko mimi. Wagikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kwenye fungu moja, wakalazimishwa kubeba pasi. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi katika ile Operesheni Anvil. Watu wakatolewa vyumbani alfajiri, wakaketishwa chini, wakaulizwa: kabila gani? Aliyejibu Mgikuyu, Mwembu au Mmeru alipelekwa upande wake, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini. Katika kupekuliwa huko kulikuwa na mtu aliyevishwa gunia, macho tu yakichungulia kwenye matundu mawili, akiitwa gakunia. Watu walipita mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi, unaachiliwa. Akitikisa hivi, umekwisha. Hukuruhusiwa kumwuliza yeye ni nani wala amekuona wapi.

Hao waliopita mbele ya gakunia ni babu zetu na nyanya zetu. Sisi, kati ya watu wote wa Kenya, tunajua maana ya mtu kuhukumiwa kwa jina la kabila lake kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana linaniuma sana ninapomwona mjukuu wa mmoja wao ameketi mezani, kalamu mkononi, akimwambia kijana wa Majengo alete karatasi ya babu.

Uhuru ulipokuja, swali halikuondoka. Mwaka 1963 Katiba iliwapa watu wenye asili ya kwingineko miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi wa jamii ya Wahindi walisita, wengine wakachelewa, na sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ikawafungia maduka wasiokuwa raia. Wakaelekea Uingereza, na Uingereza nayo, Machi 1968, ikaharakisha sheria ya kuwafungia mlango watu hao hao waliobeba pasi zake. Mtu akakaa katikati, hana kwake huku wala kule.

Mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wapekuliwe, na waliofaulu wakapewa kadi ya pili, kadi ambayo wewe na mimi hatukuihitaji. Miaka iliyofuata, kijana wa Garissa, Wajir, Mandera, hata wa hapo Isiolo tunapopaona kutoka vilima vya Meru, alipigwa msasa na kamati kabla ya kupata kitambulisho. Ni Februari 2025, akiwa Wajir, ndipo Rais William Ruto alipotia saini ya kuondoa msasa huo wa kaunti za mpakani. Hiyo ni miaka 35 hivi tangu ile kadi ya pili. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kadi sasa ana watoto wake.

Wako na wengine. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Walizaa, wakazika, watoto wao wakazaa, bado wakawa watu wasio na nchi. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Mwaka uliofuata wakakabidhiwa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Washona, ambao wazazi wao walikuja kueneza dini mwanzoni mwa miaka ya 1960, walitambuliwa siku ya Jamhuri ya mwaka 2020. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Kila mara nchi hii ilipowafungulia mlango, nilingoja nione ni balaa gani litakalotufika. Halikutufika. Mmakonde aliendelea kuchonga vinyago vyake, na sasa anaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina lake.

Najua kuna msikilizaji ananiambia moyoni: maneno yako ni matamu, lakini wewe huna shamba Mwea. Hoja hiyo nitaijibu kwa heshima, kwa kuwa ni ya kweli. Simaanishi Mwea ya mpunga ya Kirinyaga. Namaanisha Mwea ya Mbeere, skimu ile ya ekari zipatazo 44,000, ambayo Wambeere, Waembu, Wakamba na Wagikuyu wameizozania kwa miongo mingi. Mmbeere anasema: hapa ndipo baba yangu alipolisha mbuzi. Mkamba anasema: mimi nimelima hapa tangu sijaota ndevu, makaburi yangu haya hapa. Wote wawili wanasema kweli. Nimekaa chini ya mgunga huko nikamsikiliza mama mmoja mzee akinionyesha mstari wa mkonge alioupanda mwenyewe kuwa mpaka wa shamba, akiuhesabu kwa kidole, mche kwa mche, kana kwamba mimi ndiye hakimu. Umri wote huo hajapata hatimiliki. Mama huyo hakuniambia anamchukia jirani yake. Aliniambia anaogopa kufa kabla karatasi haijafika.

Hofu ya mwenyeji si dhambi. Ardhi haizai ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,545,000 katika kaunti ya Meru na zaidi ya 608,000 katika Embu, na mashamba yanagawanywa kwa wana mpaka yanakuwa upana wa mkeka. Pia ni kweli kwamba kuna matajiri wasiolima wala kulisha waliojiandikisha vipande vya ardhi wakiwa mijini. Mtu wa Mbeere akilalamika kuhusu hao, ana haki. Lakini tazama vizuri ni nani aliyemdhulumu. Mara nyingi dhuluma imetoka ofisini, kwa mtu wa lugha yake mwenyewe, na hasira ikamwangukia jirani maskini wa lugha nyingine kwa sababu huyo ndiye aliye karibu na mkono. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu mliyempa jembe miaka 40 iliyopita, akalima, akalipa karo ya watoto katika shule yenu, akachimba kaburi pamoja nanyi mlipofiwa, huyo siku zake za ugeni zimekwisha zamani. Mkigombana naye kuhusu mpaka wa shamba, gombaneni kama majirani wanavyogombana, mbele ya mwamuzi, kwa ushahidi. Msimwambie arudi kwao. Hana kwao kwingine.

Na ninyi mlio na watoto ng'ambo, naomba mnisikilize hapa kwa makini zaidi, kwa kuwa huko sisi ndio wageni.

Kuna nchi ndogo ya Ulaya iitwayo Uholanzi. Ukiiweka juu ya ramani ya Kenya inaingia zaidi ya mara kumi. Nchi hiyo ilikuwa mlango wa miraa yetu. Matawi yaliyokatwa asubuhi huko Igembe, yakafungwa shurba na vibunda, yakafunikwa kwa majani ya mgomba yasinyauke, yakakimbizwa uwanja wa ndege, yaliwafikia Wasomali waliokimbilia Ulaya. Januari 2012 serikali ya Uholanzi ilitangaza kwamba itaipiga marufuku, na mwaka uliofuata marufuku hiyo ikaanza kazi. Aliyelisimamia jambo hilo hadharani alikuwa Gerd Leers, waziri wa uhamiaji. Walisema wakimbizi wa Kisomali wanaharibikiwa, hawafanyi kazi, wanasumbua mitaa. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014. Maua na Laare zikalia. Wakulima wetu walisema: wametuhukumu bila kutujua, wametutazama kupitia hofu yao ya watu wengine. Na walisema kweli. Kama miraa ina madhara, na mimi siwezi kumwambia kijana kwamba haina, basi madhara hayo yapimwe kwa afya ya anayetafuna, awe Mholanzi au Msomali. Yasipimwe kwa rangi yake na mahali alikotoka.

Mei 2024 baadhi ya magavana wa pwani walipopiga marufuku muguka ya Mbeere, wakulima wa Embu walilia kilio kile kile: sisi ni Wakenya, mbona tunafanywa wageni katika nchi yetu? Swali hilo nililipenda. Ningetamani tulikumbuke kila mara mtu mwingine anapotuuliza sisi.

Leo wauguzi kutoka Chogoria, Nkubu na Embu wako Uingereza, Ujerumani, Marekani. Mnapigiwa simu Jumapili. Mnaambiwa, "Mama, huku mtu akinisikia nikiongea ananiuliza mimi ni wa wapi. Nikimwambia mtaa ninaokaa, ananiuliza, wa wapi hasa." Neno lile lile, wasikilizaji. Na moyo wa mzazi unauma, kwa sababu anajua binti yake anaamka saa kumi usiku kwenda kuwaogesha wazee wa nchi ile. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 16, ilimhakikishia binti huyo kwamba akipata uraia wa huko hatapoteza uraia wake wa Kenya. Tulikidai kifungu hicho, tukakipata, tukashangilia. Tulitaka watoto wetu wawe na nyumba mbili. Je, kijana wa Majengo amedai ngapi? Moja tu, ile aliyozaliwa ndani yake.

Katika Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 14, kuna maneno ambayo ningependa yabandikwe ukutani katika kila ofisi ya chifu. Yanasema kwamba mtoto akikutwa nchini Kenya, akaonekana hajafika miaka minane, na uraia wake na wazazi wake havijulikani, basi anahesabiwa kuwa raia wa kuzaliwa. Hana babu. Hana karatasi. Hana jina lenye alama juu. Kenya inamwambia: wewe ni wangu. Nadhani Mwenendega angelielewa kifungu hicho mara moja, na wazee walioapa gichiaro wangeuliza tu kwa nini kilichelewa hivyo.

Sisemi nchi isiwe na mlango. Koomenjoe alijua ni nani aliyekuwa nyuma yao anawafukuza, na gichiaro ilikuwa na laana kwa msaliti. Anayeingia kwa hila, anayenunua kitambulisho kwa hongo, ashikwe, na aliyemuuzia ashikwe kwanza. Ninachosema ni kwamba mzaliwa wa hapa, aliyesoma hapa, anayezika hapa, asisimamishwe mlangoni kwa ajili ya jina.

Kijana yule wa foleni alikipata kitambulisho chake baada ya miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu alikosa nafasi ya chuo na kazi mbili, kwa sababu huku kwetu bila kitambulisho huwezi hata kusajili laini ya simu. Mzee mmoja jirani yao, Mwimenti, mtu wa kanisa, ndiye aliyefunga safari hadi ofisini, akaweka fimbo yake mezani, akasema: "Mtoto huyu namjua. Niliikuta familia yake hapa nilipohamia." Maneno hayo machache yakafanya kazi ambayo karatasi zote zilishindwa.

Basi ombi langu jioni hii ni kwenu wazee, ninyi ambao chifu huwaita kuthibitisha kwamba fulani ni wa hapa. Mkiitwa, nendeni. Msimwulize kijana babu yake alivuka usiku, alfajiri au mchana. Semeni mlichokiona kwa macho yenu: kwamba mlimwona akizaliwa, akachezea vumbi la njia hii, akalia nanyi msibani. Kisha tieni sahihi.